Mbunge anaporudi nyumbani: tumuulize nini juu ya bajeti?

Kila mwaka, kikao cha Septemba kinapofungwa, wabunge wetu wanapata likizo. Likizo hiyo haikuwekwa kwa kupumzika tu. Ni wakati wa mbunge kurudi kwa wale waliomchagua, kuwaeleza alichofanya na kusikiliza shida zao. Katika makanisa yetu ya mashariki tunautambua wakati huo kwa alama zake: gari lenye vioo vyeusi linasimama mbele ya kanisa siku ya Jumapili, kiti kinabebwa mpaka mbele, na baada ya matangazo Mheshimiwa anapewa dakika tano ambazo zinakuwa arobaini.

Mimi nilikuwa kwenye benchi siku moja ya namna hiyo. Mheshimiwa, mbunge wa jimbo, alizungumza juu ya vita, juu ya umoja, juu ya chama chake, na juu ya namna anavyopiga kelele kwa ajili ya barabara yetu. Mwishoni akatangaza bati 50 kwa ajili ya paa la kanisa. Mama zetu wakapiga vigelegele. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti ya chini: "Na ile bajeti waliyopitisha, inasema nini juu ya kituo chetu cha afya?" Hakuna aliyemjibu, maana mikrofoni haikufika kwake. Bati zilifika kweli, baada ya miezi kadhaa. Zilikuwa 32.

Ninataka kurudi kwenye swali la mzee huyo, kwa sababu ndilo lililokuwa swali la siku ile, na sisi wengine wote tulikuwa tunahesabu bati.

Kwanza tukumbuke mbunge wa jimbo ni nani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba Bunge la jimbo linatunga sheria za jimbo, zile zinazoitwa édit, na linasimamia kazi ya serikali ya jimbo. Wabunge hao ndio wanaomchagua gavana. Kila mwaka ndio wanaopitisha bajeti ya jimbo. Mbunge hajengi daraja, halipi mwalimu, haajiri muuguzi. Kazi yake ni kupiga kura juu ya fedha, halafu kufuatilia kama fedha hizo zimefanya kazi iliyoandikwa. Anazo silaha za kufanya hivyo: swali la mdomo, swali la maandishi, kumwita waziri wa jimbo ajieleze, tume ya uchunguzi, na hata hoja ya kutokuwa na imani. Kwa hiyo tukimuuliza "umetuletea nini?" tunamuuliza swali la mfanyabiashara. Tunapaswa kumuuliza: umepitisha nini, umefuatilia nini, na ulijibiwa nini?

Lakini bajeti ipi? Hapa ndipo wengi tunapotea, na wanasiasa wanajua kwamba tunapotea. Juu ya kichwa cha kila mkristo wa Shabunda, Beni au Mahagi kuna mifuko mitatu: wa serikali kuu ya Kinshasa, wa jimbo, na wa mji, wa komini, wa sekta au wa sheferi yake. Mfuko wa Kinshasa ndio mkubwa. Bajeti ya taifa ya mwaka 2025 ilikadiriwa karibu dola bilioni 18. Kipengele cha 175 cha Katiba kinasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na kwamba sehemu hiyo inabakizwa palepale yanapokusanywa. Sheria ya mwaka 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi inaongeza kwamba nazo zina haki ya asilimia 40 ya ile sehemu ya majimbo. Tufanye hesabu ya sokoni: kwa kila franga 100 za mapato ya kitaifa, 40 ni za jimbo, na katika hizo 40, franga 16 ni za sekta na sheferi na wenzao, na 24 zinabaki kwa jimbo.

Hiyo ni karatasi. Kwa kweli, tangu mwaka 2006 fedha hazibakizwi jimboni. Zinapanda mpaka Kinshasa, halafu zinarudi kidogokidogo, kwa kuchelewa, na zaidi kwa ajili ya mishahara na matumizi ya ofisi. Ile sehemu ya kujenga na kutengeneza ndiyo inayokosekana mara nyingi. Ndiyo ile retrosesioni ambayo magavana wote, wa pande zote za siasa, wanaililia.

Matokeo yake kwa kituo cha afya cha mzee wetu ni haya. Wabunge wanapoandika bajeti ya jimbo wanaweka upande wa mapato fedha wanazotumaini zitatoka Kinshasa. Juu ya tumaini hilo wanaandika matumizi: shule hapa, kituo cha afya pale, daraja kule. Kura inapigwa, gavana anatia sahihi, na Mheshimiwa anaweza kuja kanisani akasema bila kudanganya: "Kituo chenu kiko ndani ya bajeti." Halafu fedha hazishuki, na kituo kinabaki ndani ya bajeti, mwaka huu, mwaka ujao, na mwaka unaofuata. Mkunga anaendelea kuzalisha kwa mwanga wa simu.

Kwa hiyo bajeti iliyopitishwa haitoshi kutuonyesha kitu. Kuna karatasi nyingine, ambayo sijawahi kusikia mbunge akiitaja mbele ya madhabahu: ile sheria ya kila mwaka ya kutoa hesabu ya bajeti iliyopita. Humo ndimo inapoonekana kilichotarajiwa, kilichoingia na kilichotumika. Mheshimiwa anaipata, maana yeye ndiye anayeipigia kura. Akiulizwa juu ya mistari miwili tu, ule wa afya na ule wa barabara za vijijini, anaweza kujibu kwa dakika tano bila kupita.

Tusiseme kwamba jambo hili ni gumu kwa watu wetu. Kila Jumapili mtunza hazina anasimama na kusoma sadaka ya wiki iliyopita, franga kwa franga, na jambo likipungua mama mmoja atanyoosha mkono. Mkutano unaojua kumuuliza mtunza hazina wake unaweza kumuuliza mbunge.

Kuna pia fedha za madini, na hapo naomba tusimame kidogo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au sheferi au komini ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inayochimba inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Watu wa Watsa wanaoishi karibu na dhahabu ya Kibali, na watu wa Walikale wanaoishi karibu na bati ya Bisie, wana haki ya kuuliza kwa jina na kwa mwaka: ile asilimia 15 imeingia wapi? Mbunge wa jimbo hashiki fedha hiyo, lakini anaweza kuifuatilia kwa swali la maandishi. Swali la maandishi linadai jibu la maandishi, na jibu la maandishi mtu anaweza kulinakili na kulibandika mlangoni mwa kanisa.

Juu ya barabara nitasema machache. RN5, ile ya kutoka Bukavu kwenda Uvira, ni barabara ya taifa. Inategemea serikali kuu, Office des Routes na mfuko wa FONER tunaouchangia kila tunaponunua mafuta ya gari. Mbunge wa jimbo anayeapa kuilami anaahidi kwa mfuko wa mtu mwingine. Njia ndogo ya kutoka shambani mpaka sokoni, hiyo anaweza kuipigania katika bajeti yake.

Vilevile kwa mashule. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ni ya bure, na mshahara wa mwalimu unatoka Kinshasa, hata katika shule zetu za Kiprotestanti. Walimu wetu wengi bado wanafundisha bila kulipwa na Leta, wale wanaoitwa "nouvelles unités". Mbunge hawezi kuwaandikia mshahara. Anachoweza, na hii ndiyo huduma ya kweli kwa mpiga kura, ni kubeba orodha yao, kufuata dosie katika ofisi na kurudi kusema imekwama kwenye meza gani. Hata jibu la "imekwama" ni habari. Na mama wa sokoni anayelipishwa kodi tano kwa siku anaweza kumwomba mbunge wake amtazamie kama kodi hizo ziko katika orodha iliyowekwa na amri ya tarehe 13 Machi 2018 juu ya kodi za majimbo na za sekta na sheferi. Kodi isiyo katika orodha haina haki ya kudaiwa.

Tena, tuwe macho na majengo. Programu ya maendeleo ya teritwari 145 ilipangwa kujenga shule, vituo vya afya na ofisi kwa fedha ya Leta. Jengo la programu hiyo likizinduliwa na mbunge akavaa kofia yenye picha yake, tushukuru kwa jengo. Halikutoka mfukoni mwake.

Sasa ninajua ndugu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri wanasoma wakisema: ninyi angalau mnaye wa kumuuliza. Ni kweli. Tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza, mabunge ya majimbo hayo mawili yalisimamishwa na magavana wa kijeshi wakachukua nafasi. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kabisa kwa sababu ya vita. Kisha, mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zikaingia mikononi mwa AFC/M23, na viongozi wa jimbo la Kivu ya Kusini wakahamia Uvira. Mama anaendelea kulipa kodi asubuhi sokoni, lakini anayeipokea hakupigiwa kura na mtu, na bajeti yake haikupitia mbele ya mbunge yeyote. Vita vinaua watu, vinachoma nyumba, na vinaondoa pia mahali pa kuulizia. Hasara hiyo ya mwisho haihesabiwi katika ripoti, lakini nadhani itachukua miaka mingi kuitengeneza, maana watoto wanakua bila kuona hata mara moja mtu mzima akimwomba kiongozi hesabu.

Ndiyo sababu sikubaliani na wachungaji wanaosema: tupokee bati, siasa tuwaachie wenyewe. Zawadi kama ni ya mfuko wake Mheshimiwa, ni sadaka kama sadaka nyingine, isomwe pamoja na nyingine. Kama ni ya Leta, ilikuwa yetu kabla hajaifunga kamba. Katika hali zote mbili kiti cha mbele si bei yake. Afadhali tumpokee siku ya juma, katika chumba cha mikutano, pamoja na mama wa soko, muuguzi, mwalimu mkuu na sekretari wa sekta, na mikrofoni ianzie benchi la nyuma.

Yule mzee ameandika swali lake kwenye karatasi ya daftari na kuliweka ndani ya Biblia yake, tayari kwa likizo ijayo. Aliniomba nimgeuzie kwa Kifaransa, ili Mheshimiwa asimdharau. Nilimwambia aliache kwa Kiswahili, maana kura pia aliiomba kwa Kiswahili.