Kufuli Haizuii Joto

Askari anayelinda ghala hufundishwa kumchunga mwizi. Lakini yupo adui mwingine asiyevunja mlango wala kuruka ua, naye ni joto.

Bugolobi, hapa Kampala, imepakana na eneo la viwanda. Nyumba za raia zimeizunguka, na kambi ya Mbuya haiko mbali. Mahali kama hapa, moto wa ghala moja ni msiba wa mtaa mzima.

Tarehe 12 Agosti 2015, katika bandari ya Tianjin nchini China, nitroselulosi, itumikayo katika rangi na katika baruti, ilikauka ndani ya kontena kwa sababu ya joto, ikawaka yenyewe. Moto ukaifikia nitrati ya amonia, nayo ikalipuka. Walikufa watu 165. Kati yao wazima moto walikuwa 99 na polisi 11. Basi wanaotangulia kufa ni wale wanaotumwa kuokoa.

Nitrati hiyo ni mbolea, na pia hutumika kupasulia mawe. Ipatapo joto la nyuzi 32 za Selsiasi, fuwele zake hubadilika na kutanuka; ikipoa, hurudi. Chini ya mabati yasiyo na dari, mabadiliko hayo huweza kutokea kila siku, mpaka punje zikawa unga. Ikichanganyika na mafuta, hatari huzidi. Baruti nayo ina dawa ya kuituliza, ambayo hupungua upesi zaidi kadiri joto linavyopanda.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam wameonja uchungu wa maghala ya silaha: Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011. Hatudai kwamba joto ndilo lililoanzisha misiba hiyo. Twasema tu kwamba ghala likilipuka, raia wa jirani hawaulizwi.

Kwa hiyo twataka kila ghala la namna hii liwe na kipimajoto, kisomwe asubuhi na alasiri na kuandikwa, hewa ipite, mafuta yatengwe, shehena ya zamani itolewe kwanza. Orodha ya vilivyomo iwekwe langoni, kwani askari aukabiliye moto asioujua huendea kifo.

Nanyi maofisa, mlinzi akiripoti harufu ngeni au joto lisilo la kawaida, msimkemee. Msikilizeni, mkakague siku hiyo hiyo. Kumsikiliza mlinzi ni kazi ya dakika chache. Kuzika askari na raia ni msiba usiosahaulika.