Fundi, Usiniambie Kazi ni Kubadilisha Tyubu Tu

Wiki hii nitakosana na mafundi wa stima wa Reuben, na wengine ni majirani kabisa. Wacha tukosane.

Karibu kila gereji ninayopita huku inatoa zile tyubu za zamani za floresenti na kuweka LED. Poa sana, mimi sipingi LED. Ninachopinga ni fundi anayepanda ngazi dakika kumi, anabadilisha waya za ndani vile anajua yeye peke yake, anachukua pesa, anaenda. Hajaandika popote. Hajamwambia mwenye gereji amefanya nini. Mnaita hiyo kazi? Mimi naita mtego umetundikwa kwa dari.

Mwezi uliopita kwa gereji ya anko wangu LED moja ilikufa. Kijana wa mkono akakumbuka kuna tyubu ya zamani, bado nzima, imeegeshwa nyuma ya mabati. Akapanda nayo. Ile kuizungusha tu ishike, upande mmoja ukapiga mwanga, glasi ikapasuka, jamaa akaruka kutoka kwa ngazi na kuangukia boneti ya Probox ya mteja. Mkono ulishonwa nyuzi sita. Fundi aliyefunga hizo taa alipoulizwa, akasema kijana ndiye mjinga.

Mjinga aje? Fremu ilikuwa ile ile. Soketi zile zile. Kwa macho hakuna kitu kimebadilika.

Acha nieleze, juu hapa ndipo watu wanachezwa. Tyubu ya zamani haiwezi kupewa stima moja kwa moja. Inahitaji choki, lile dude zito la chuma na waya ndani ya fremu, la kuzuia umeme usiipite kwa nguvu zote, na stata, kile kikopo kidogo cha kuiamsha. LED ina saketi yake ndani. Kwa hivyo fundi huiruka choki na kuleta volti 240 moja kwa moja mpaka kwa soketi. Sasa kuna LED zinazotaka laivu upande huu na nyutro upande ule. Kuna zingine zinataka zote mbili kwa pini mbili za upande mmoja. Fremu ya anko ilifungwa hii ya pili. Ukiweka tyubu ya zamani pale, volti 240 zote zinaingia kwa kile kiwaya chembamba cha ndani, chenye kimetengenezwa kupata moto kidogo tu. Lazima kilipuke.

Na usifikiri ukinunua LED mpya uko salama. Ziko zile ambazo upande usiopokea stima umeunganishwa ndani, pini kwa pini. Ukiigeuza kimakosa, ukaweka huo upande kwa soketi yenye laivu na nyutro, umetengeneza shoti kwa mkono wako. Mahali penye fiuzi ya ukweli, fiuzi inakatika na mnacheka. Kwa laini ya sambaza, ambapo mtu alichoka kununua fiuzi akafunga waya wa shaba badala yake? Na nyumba zetu mnazijua, mabati na mbao, ukuta kwa ukuta.

Kuna njia rahisi zaidi na sijui mbona mafundi hawaitaji. LED zingine huja kwa boksi na stata yake, ambayo ndani ni fiuzi tu. Unatoa stata ya zamani, unaweka hiyo, choki inabaki pale pale, na waya hazikatwi. Choki itaendelea kula wati chache, sawa. Lakini kesho mtu mwingine akitaka kurudisha ya zamani, anarudisha stata na maisha yanaendelea. Labda haitajwi kwa sababu ni ngumu kulipisha mtu pesa mingi kwa kazi ya kuzungusha stata.

Nasikia wengine wakisema, sisi tunalipa sambaza kwa mwezi, wati zinatuhusu nini? Zinakuhusu. Jioni kila mtu akiwasha, stima ya huku inalegea, na tyubu ya zamani inaanza disko, stata inagonga tik tik tik, haiwaki. LED nzuri inavumilia volti ya chini. Soma boksi, tafuta iliyoandikwa 100 hadi 240 ama hapo karibu. Kama uko kwa tokeni, piga hesabu: tyubu ya futi nne ni wati 36, choki inaongeza kama 9, jumla 45. LED yake ni 18. Taa sita, saa kumi kwa siku, siku 26, hizo ni karibu uniti 42 kila mwezi. Zidisha na bei yako.

Halafu kuna grainda. Tyubu yenye choki huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na chini ya mwanga kama huo kitu kinachozunguka kinaweza kuonekana kama kimesimama. LED ya bei ya kutupa nayo inaweza kufanya vile vile. Mimi nilijua hii kwa sababu ya kushuti video: ukiona mistari inatembea kwa skrini ya simu, hiyo taa inapepesa. Jaribu dukani kabla hujalipa.

Kitu kingine cha sambaza: laivu na nyutro hubadilishana bila mtu kujua. Swichi inakata nyutro, laivu inabaki imekaa kwa soketi inakungoja. Ukiona LED inang'aa kidogo usiku na umezima, hiyo si jini, na mara nyingi ndiyo sababu. Zima kutoka kwa meni swichi, weka testa, ndiyo upande.

Mtaniambia napiga kelele kwa kitu kidogo. Sikizeni. Kenya iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka wa 2023, ule wa kupunguza zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliingia baharini, ikaingia kwa samaki, ikaharibu watu. Novemba mwaka huo huo, nchi wanachama zilikubaliana huko Geneva kwamba tyubu za floresenti ziache kutengenezwa na kuuzwa kati ya nchi kufikia mwisho wa 2027. Kwa hivyo gereji zote zitabadilisha, penda usipende, na hizi fremu za siri zitajaa kila mahali. Na zile tyubu zinazotolewa zina zebaki ndani. Huku kwetu watoto wanazichezea kama panga mpaka zipasuke, zinazobaki zinatupwa Mto Ngong. Fundi, ukizitoa, zifunge kwa boksi za zile mpya ulizoleta. Boksi si unazo?

Mimi nilichukua makapeni nikaandika kwa kila fremu ya anko: LED TU. CHOKI IMERUKWA. STIMA IKO UPANDE WA MLANGO. Jumanne fundi akapita, akaangalia juu, akauliza nani amechafua kazi yake. Nikamwambia ni mimi, na kalamu ilikuwa shilingi hamsini, anaweza kunirudishia akitaka.