Si Kila Maumivu ya Chini ya Kitovu ni Chango



Katika vikao vyetu vya akina mama, iwe Mbagala, Tandika au Tegeta, lipo swali ambalo haliulizwi mbele ya watu. Huulizwa mlangoni, wenzetu wakishaanza kutoka. "Dada, hapa chini ya kitovu pananisumbua, yapata mwezi wa tatu sasa. Nadhani ni chango." Siku hizi wengine husema, "Nadhani ni UTI." Tukiuliza amepimwa wapi, tunaambiwa jirani naye alikuwa hivyo hivyo, akanunua vidonge vya rangi mbili dukani, akapona.

Hatuna ugomvi na neno chango, maana bibi zetu walilitumia na walijua walichokuwa wanakisikia. Shida ni kwamba likishatamkwa, hakuna anayeuliza zaidi. Chini ya kitovu cha mwanamke pana kizazi, mirija ya uzazi, vifuko vya mayai, kibofu cha mkojo, utumbo na kile kidole tumbo, vyote vimebanana mahali padogo. Kimoja kikiuma, hata mwenye mwili hawezi kujua kwa kuhisi tu ni kipi.

Mama mmoja mwanakwaya ametupa ruhusa tusimulie yaliyompata, bila kumtaja jina. Ana watoto 3 na alikuwa amewekewa kitanzi, hivyo mimba haikumjia akilini. Hedhi ilichelewa, kisha akaona matone machache tu. Upande wa kulia ukawa unachoma. Mama mkwe akachemsha mizizi, mume akaleta dawa za UTI, na wote wawili walifanya hivyo kwa upendo. Siku ya 5, alfajiri, alianguka akitoka msalani. Alifikishwa hospitali midomo imekuwa myeupe, analalamika bega. Ndugu walidhani bega limeumia alipoanguka.

Bega lilikuwa zima. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, ndani ya mrija, nao mrija haukuumbwa kutanuka, kwa hiyo ulipasuka. Damu inayomwagika tumboni husumbua kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na maumivu yake husikika begani. Kwa nje damu inaweza kuonekana kidogo sana, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Alipasuliwa, akaongezewa damu, akapona, Mungu ni mwema. Lakini mrija mmoja uliondolewa.

Kitanzi huzuia mimba vizuri sana, hatutaki mtu akakitoe kwa kusoma habari hii. Ila ikitokea kwa nadra mimba ikaingia mtu akiwa na kitanzi, au amefunga kizazi, uwezekano wa kutunga nje huwa mkubwa kuliko kawaida. Basi mama yeyote aliye katika umri wa kuzaa, akipata maumivu ya chini ya tumbo pamoja na hedhi iliyochelewa au iliyokuja vibaya, apimwe mkojo wa mimba siku hiyo hiyo. Akiwa na kizunguzungu, maumivu ya ghafla au maumivu ya bega, asisubiri kupambazuke wala mume arudi kazini. Aende hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kwa walio Temeke ipo hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke, na kwa Kinondoni ipo Mwananyamala. Vivyo hivyo kwa maumivu yenye homa kali, kutapika mfululizo au tumbo gumu lisilogusika.

Maumivu mengine hayana haraka hiyo, lakini nayo yanataka kupimwa. Yapo yanayokuja na hedhi nzito ya kujaza vitambaa, mara nyingi ni vivimbe vya kizazi. Yapo yanayokuja na uchafu wenye harufu na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Hayo huenda ni maambukizi yaliyopanda kwenye kizazi na mirija, na yakiachwa huweza kuziba mirija na kuleta utasa. Hapa mume naye hutibiwa, na wote wawili wajizuie mpaka dawa ziishe. Tunajua maneno haya ni magumu kuyapeleka nyumbani. Mengine ya maambukizi hayo hukaa mwilini muda mrefu bila dalili, kwa hiyo msianze na ugomvi. Anzeni na zahanati.

Kuna jambo moja linalosahaulika mno, nalo ni kichocho. Mama aliyekulia Kanda ya Ziwa au vijiji vya pwani, akioga na kuchota maji madimbwini, anaweza kuwa na mayai ya kichocho kwenye viungo vya uzazi miaka mingi baadaye. Huleta maumivu, kuwasha na damu baada ya tendo, na watu wakamdhania ana ugonjwa wa zinaa. Mwambie daktari ulikokulia, hata kama hajakuuliza.

Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ina ujanja wake: mwanzoni haiumi kabisa. Ikianza kuuma mara nyingi imekwenda mbali, na safari ya Ocean Road huwa ndefu. Ndiyo maana walio na umri wa miaka 30 hadi 50 huitwa kwenye kipimo cha siki wakiwa wazima. Lakini mwenye kutokwa damu baada ya tendo, au baada ya hedhi kukoma, asingoje siku ya kipimo.

Unapokwenda, usimeze dawa za dukani kwanza, maana huficha ugonjwa kwenye kipimo cha mkojo. Kama umeshameza, nenda na paketi yake. Andika kwenye karatasi tarehe ya hedhi yako ya mwisho, maumivu yalianza lini, yako upande gani, na kama yanaongezeka ukikojoa. Ukiwa mbele ya mganga aibu huja na maneno hupotea, karatasi haipotei. Vaa gauni au sketi pana na ubebe khanga. Ukipenda kupimwa na muuguzi mwanamke, sema mapema pale mapokezi.