Mbachao wa Ingwe Siuachi

Wahariri wamenipa nafasi hii, nami nitaitumia kujibu swali ambalo wenzangu wa Kidato cha Tatu wamenichosha nalo: "Wewe, hiyo AFC Leopards yako inakupa nini?" Wanaouliza ni mashabiki sugu wa Arsenal na Manchester United, timu ambazo hawajawahi kuziona ila kwenye runinga. Wacha wacheke, lakini wakimaliza wanisikilize.

Nianze na ukweli unaouma. Ingwe ilitwaa ubingwa wa ligi mara ya mwisho mwaka wa 1998. Msimu wa 2024/25 ulipokwisha, Kenya Police wakiwa mabingwa, miaka 27 ilikuwa imepita na mimi sikuwahi kuona hata siku moja tukiinua kombe la ligi. Katika miaka hiyo timu ilishushwa daraja ikahangaika huko chini, ndipo ikaonekana tena ligi kuu msimu wa 2009. Mwaka wa 2019 mdhamini mkubwa alijitoa. Mishahara ikakwama, na FIFA ikaikataza timu kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni. Tulipata kombe la ngao 2013 na 2017, basi. Hayo mawili hayawezi kumnyamazisha shabiki wa Gor Mahia.

Baba yangu yeye alishiba. Akianza kusimulia miaka ya themanini, chai hupoa mezani: ubingwa 1980, 1981 na 1982, halafu kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati 1982, 1983 na 1984 mfululizo. Atakutajia Mahmoud Abbas langoni, Wilberforce Mulamba katikati, na J.J. Masiga, mshambuliaji aliyekuwa pia daktari wa meno! Mimi nimerithi hadithi bila vikombe. Lakini ati kwa sababu hiyo nihamie kwa wanaoshinda? La hasha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huo msala wa Uingereza hata kuukalia hukalii, unautazama tu kwenye kioo.

Nikipiga kelele Nyayo, beki wa Ingwe ananisikia. Nimewahi kumwona akigeuka. Ngoma za isukuti zinapolia nyuma yangu, mzee nisiyemjua ananishika bega tunaruka pamoja, na tukifungwa tunanuna pamoja hadi kituo cha matatu. Mwenzangu wa Arsenal, ukinuna Nairobi, nani London anayejua?

Kuna mwalimu wetu mmoja, shabiki wa zamani aliyekata tamaa, ambaye aliniuliza swali gumu kuliko yote. Alisema: "Kijana, mkiendelea kuja hata timu ikicheza ovyo, viongozi watajitahidi kwa sababu gani?" Swali hilo lilininyima usingizi, kwa maana lina ukweli. Shabiki anayepiga makofi kila siku huwafuga wavivu. Hata hivyo, mwalimu wangu, kwa heshima zote, aliyeondoka hasaidii pia. Klabu hii ni ya wanachama, viongozi wake huchaguliwa kwa kura, na aliyebaki nyumbani akinung'unika hana kura. Mimi ningependa uaminifu wenye mdomo: njoo, lipa, keti, na wakikosea sema waziwazi. Anayeruka ukuta asilipe, au anayerusha mawe tukifungwa, huyo simhesabu kuwa shabiki hata akijipaka rangi ya buluu na nyeupe mwili mzima.

Wa Gor nao wasijisahau. Baada ya ubingwa wa 1995, walikaa miaka 18 bila taji la ligi, hadi 2013. Ni nani aliyeijaza miguu ya viwanja miaka hiyo yote? Si hawa waliojiunga juzi baada ya vikombe kurudi.

Jambo la pili ni uwanja. Kila siku nikija shuleni napita City Stadium pale Jogoo Road, karibu na soko la Burma. Kabla ya Nyayo kufunguliwa 1983, hapo ndipo moyo wa soka ya Nairobi ulipopiga. Timu yetu, ambayo ilizaliwa 1964 ikiitwa Abaluhya, ilichezea hapo mbele ya umati. Joe Kadenge, ambaye hadi leo wazee wakimtaja lazima mmoja aseme "Kadenge na mpira", alifariki 2019 na uwanja huo ukapewa jina lake. Jina ni zuri, lakini jina haliotishi nyasi. Uwanja ulikuwa umeachwa ukachakaa miaka mingi, na Ingwe, timu kubwa namna hii, haina uwanja iliyojijengea yenyewe. Nyayo na Kasarani zilipofungwa kwa matengenezo ya mashindano ya CHAN yaliyofanyika 2025, timu za Nairobi zilitangatanga kama wapangaji waliofukuzwa.

Darasani wapo wanaosema ni heri pale Jogoo Road pajengwe maduka. Hao ningewapeleka Chicago, Marekani. Huko wana mchezo wa besiboli, ule wa kupiga mpira kwa gongo, na timu iitwayo Cubs. Cubs walikuwa mabingwa 1908, wakaja kuwa mabingwa tena 2016. Hesabu mwenyewe: miaka 108! Watu walizaliwa, wakazeeka, wakazikwa wakingoja. Na uwanja wao, Wrigley Field, ulifunguliwa 1914. Hawakuubomoa, waliukarabati, mimea imetambaa ukutani na ubao wa matokeo bado hubadilishwa kwa mkono. Sasa sisi wa miaka 27 tunalia nini?

Kwa hivyo natoa pendekezo kwa chama chetu cha Kiswahili na hata kwa wale wa michezo. Badala ya kwenda kila mwaka kwenye ziara zile zile, mwaka ujao twendeni siku ya Mashemeji, Ingwe na Gor, tukasikilize Kiswahili cha mashabiki. Walimu watapata misemo ambayo haimo katika kitabu chochote cha isimu. Mimi nitaketi upande wa buluu. Wa Arsenal mnakaribishwa, nafasi ipo tele, ila kila mtu ajinunulie tiketi.