Mwana Khadija na Kiti cha Pate

Hivi majuzi nilikuwa Katelembo, huko Machakos, kwa jamaa zangu waliooa Ukambani. Binti wa nyumba ile, mwanafunzi wa sekondari, alinisomea kisa cha Matilda wa Uingereza, aliyevuka bahari mwaka 1139 kukidai kiti alichoachiwa na babake, asivikwe taji hata mwisho. Kisha akaniuliza: "Babu, kwenu pwani hakuwapo mwanamke kama huyu?"

Nikamjibu yuko, tena Mwislamu. Lakini aliponiomba kitabu sikuwa nacho.

Mwana Khadija alitawala Pate tangu mwaka 1177 wa Hijria hadi 1187, yaani kama 1763 hadi 1773. Hakukikalia kiti kwa raha. Alizuka Sultani Umar naye akadai ufalme, mji ukawa na wafalme wawili, watu wakapigana mitaani, nyumba kwa nyumba. Hata hivyo yule mama hakukiachia kiti. Na habari za Pate zamtaja kwa maneno machache tu, nayo karibu yote ni ya fitina.

Sasa mtazameni Fumo Madi, aliyetawala baadaye hadi 1809. Habari zizo hizo zasema aliwachinja wakubwa arubaini wa mji, nduguze wakiwamo, kama wachinjwavyo mbuzi. Huyo akasifiwa kuwa ametuliza nchi! Mwanamume akimwaga damu ni siasa. Mwanamke akilinda haki yake ni fitina. Mizani gani hii, waungwana?

Najua wapo watakaonitolea hadithi iliyopokewa na Abu Bakra. Hiyo nawaachia wanavyuoni. Mimi nazungumza tarikh. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Delhi akasikia habari za Radhia binti Iltutmish, na hakuona haya kuziandika: jinsi alivyovaa nguo za mdhulumiwa akawalilia watu siku ya Ijumaa, nao wakamtawaza. Hiyo ilikuwa 1236. Miaka minne baadaye aliuawa.

Radhia alipata mwandishi. Wa kwetu alikuwa na Bwana Kitini, mzee wa Kinabahani aliyezihifadhi habari za Pate kichwani, kwani kitabu chenyewe yasemekana kiliteketea Witu, Waingereza walipoupiga mji ule mwaka 1890. Alichokumbuka mzee ndicho tulicho nacho, na wageni ndio waliokimbilia kukiandika na kukipiga chapa, wengine kwa Kiingereza.

Huko Pate, Siyu na Lamu zingali nyumba zenye makasha ya karatasi za Kiarabu, na mchwa hawangoji. Wenye makasha wayafungue, na walimu wa vyuo wanaozijua khati hizo wakae na vijana wazinakili. Yule binti wa Katelembo nimemwahidi kitabu, na likizo yake ijayo atakuja Mombasa kukidai.