Soda ya Lindoni na Gamba la Jino

Askari wa zamu ya usiku aghalabu hununua chupa moja ya soda kantini, akaifanya sahibu wake hadi alfajiri: funda moja saa nne, jingine saa sita, jingine saa nane. Hudhani kwamba kwa kunywa kidogo kidogo anajihifadhi. Kwa meno, mambo ni kinyume. Soda za kola zina asidi ya kiwango cha pH karibu na 2.5, ilhali gamba gumu la nje la jino, liitwalo enameli, huanza kupoteza madini yake kiwango hicho kishukapo chini ya 5.5 hivi. Mate huizimua asidi na kulirudishia gamba sehemu ya madini, lakini huhitaji muda, na kila funda jipya huyakatiza kazi. Chupa ileile ikinywewa mara moja, pamoja na chakula, hudhuru kidogo zaidi. Soda isiyo na sukari haimwokoi mtu, kwani asidi imo vilevile. Wala maji ya ndimu ya nyumbani.

Arejeapo asubuhi, hushika mswaki na kusugua kwa nguvu, naye husifiwa kwa usafi! Gamba lililolainika huondoka na mswaki huo, na likishaondoka halioti tena, maana halina chembe hai. Heri asukutue kwa maji matupu, angoje kama saa moja, ndipo apige mswaki laini wenye dawa ya floraidi.

Jino lililozibwa lina mashaka yake. Mchanganyiko wa fedha na zebaki huistahimili asidi, bali jino linalouzunguka huliwa, hata kizibo kikabaki kimeinuka kama jiwe ambalo mvua imelichukulia udongo wake. Baadhi ya vizibo vyeupe vya saruji huliwa vyenyewe.

Dawa ya kusukutulia nayo yafaa isomwe kibandiko chake. Yenye alkoholi nyingi yaweza kulainisha uso wa vizibo vya plastiki, na haifai kuachwa mikononi mwa watoto. Yenye klorheksidini huacha madoa ya kahawia kwenye meno na vizibo vyeupe. Hutumiwa kwa muda mfupi, kwa agizo la daktari. Na dawa yoyote isiyo na floraidi, ikitumiwa mara baada ya mswaki, huiosha floraidi iliyokwisha kupakwa. Mama wa nyumbani aweza kuipangia saa nyingine, kama vile baada ya chakula cha mchana.