Musa si Makoye

Taasisi moja ya utafiti wa afya, ambayo sitaitaja, imewaondoa makarani waliokuwa wakikaa na wagonjwa kliniki na kuwauliza: unaishi kitongoji gani, mkuu wa kaya yako ni nani, umewahi kuhama? Kazi hiyo sasa ni ya kompyuta. Itachukua daftari la kliniki na orodha ya kaya, ilinganishe majina, jinsia na tarehe za kuzaliwa, kisha iamue kuwa huyu ndiye yule. Uamuzi huo ni mbovu, na walioufikia walikuwa na kila sababu ya kujua hivyo.

Watetezi wake wana hoja zao. Karani analipwa kila mwezi. Kompyuta haiombi posho. Ina kasi, haichoki, haisengenyi. Sawa. Denmark nako, ambako kila mkazi ana namba yake tangu 1968, mambo ni mteremko.

Kisesa, wilayani Magu, si Denmark. Kumbukumbu za kaya zimekusanywa huko tangu 1994, na watafiti wake walifanya jambo la busara: walimweka karani kliniki, akawa analitafuta jina kwenye orodha huku mgonjwa mwenyewe ameketi mbele yake. Kisha wakaiachia kompyuta ikisie peke yake, wakaisahihisha kama mtihani. Watu 405 waliogundulika kuwa na VVU kati ya 2014 na 2017 walikuwa wameshaunganishwa kwa uhakika. Kompyuta ilipolegezewa masharti iliwapata 233, na katika kila majibu 100 iliyoyatoa, 35 yalikuwa ya uongo. Ilipobanwa, majibu sahihi yalifika asilimia 90, ila sasa iliwapata watu 95 tu.

Watafiti walitaka kujua nani huwahi kujiandikisha kwenye huduma ya tiba: aliyepimwa kliniki, au aliyepimwa wakati wa utafiti kijijini? Kwa kumbukumbu za karani, wa kliniki walijiandikisha kwa kasi karibu mara 5 ya wenzao. Kompyuta ilipolegezwa kabisa, tofauti hiyo ilishuka hadi mara 2.76. Mganga mkuu wa wilaya angesoma ripoti hiyo na kuona pengo ni dogo, wakati watu wa vijijini wanazidi kuchelewa dawa.

Ubaya hauishii kwenye idadi ya makosa. Waliopotea hawakufanana na waliopatikana. Na wangefananaje? Binti kabatizwa Neema, nyumbani ni Kabula, akijifungua anakuwa Mama Shija. Akiolewa anahama kaya, na siku yake ya kuzaliwa imekisiwa mara mbili na watu wawili tofauti. Mwalimu wa sekondari mwenye cheti hapotei. Anayepotea ni huyu, ambaye ndiye utafiti ulianzishwa kwa ajili yake.

Tena kompyuta hizi zilifundishwa masikio na wageni. Soundex, njia kongwe ya kulinganisha majina kwa sauti, ilipewa hataza Marekani mwaka 1918 na bado imo katika programu nyingi. Inashika herufi ya kwanza, inatupa irabu, na kuzipa konsonanti namba. Ipe Rehema ambaye karani wa pili kamwandika Lehema, kosa tunalolisikia kila siku: R500 na L500, watu wawili. Salima na Sarima vilevile. Ipe Musa na Makoye: wote M200. Mtoto wa darasa la pili Magu angecheka. Zipo njia mpya zaidi, lakini hakuna hata moja inayojua kuwa Neema ndiye Kabula. Hilo analijua Neema.

Halafu naambiwa, kwa sauti ya kumtuliza mtoto, kwamba data zikiwa nyingi makosa yatajifuta. Hapana! Yanayojifuta ni makosa ya bahati nasibu. Ukipimia mchele kwa kibaba kilichotoboka, kupima mara elfu hakukizibi. Unazidi tu kuwa na hakika ya kipimo cha uongo. Wanaosema hivi ni wasomi wa takwimu. Wameshindwaje kuliona?

Rudisheni benchi na karani kliniki. Mkishindwa, basi kila ripoti ieleze kwenye ukurasa wake wa kwanza ni wangapi hawakupatikana, na ni watu wa aina gani.